Herufi P, Mjini Ibra

Wakala alikuwa na ramani na kalamu nyekundu.
"Maskati," akasema, akaizungushia duara mara mbili,
"kuna pwani yenye taa, kuna maduka
ambayo ukiingia asubuhi unatoka na sweta.
Na hii hapa ni Ibra."
Hakuizungushia kitu. Aliigusa kwa kucha,
kama mtu anayebandua uchafu mezani.

Mshahara uleule. Nikapiga hesabu nyuma ya tiketi ya basi:
kodi ya kule, kodi ya huku,
karo ya wadogo zangu wawili Lushoto,
bati la jiko la mama.
Wanaosema niliupenda utulivu wananipamba.
Sikuchagua mji. Nilichagua
tofauti ya riali mia na ishirini.

Kihiyo, niliyesafiri naye, alibaki Maskati.
Hunipigia akiwa kwenye foleni ya magari,
honi zikimkatiza sentensi.
"Huko kwenu kuna nini?"
Namwambia: kuna milima myeusi yenye minara ya zamani,
kuna mfereji unaopita mitendeni bila kumwomba mtu ruhusa,
kuna taa mbili za barabarani, zote nazijua tabia.
Simwambii habari za Ijumaa mchana
mji unapofumba madirisha yote,
nami nabaki naisikiliza friji
kama mgeni asiyejua kuaga.

Darasani ugomvi wetu ni wa herufi moja.
Kiarabu hakina P.
Penseli inatoka bensili, pasipoti inatoka basiboti.
Basi nikagawa karatasi: ishike mbele ya midomo,
tamka.
Ikiruka ni P. Ikilala ni B.
Wasichana ishirini na sita, karatasi ishirini na sita,
na hakuna upepo.
Ghaliya alipuliza hadi ushungi ukamteleza;
yake ikalala kama mtoto aliyeshiba.

Jumatano kuna soko la wanawake.
Niliuliza bei ya hina kwa Kiarabu changu cha viraka.
Muuzaji akanitazama kupitia barakoa,
kimya, muda mrefu, kisha:
"We mwana, watokea wapi?
Mbona wasema kama uliyemeza kokwa?"
Kiswahili kilichokunjwa vizuri, chenye harufu ya kasha.
Bi Zuwena. Kazaliwa Wete, kaondoka msichana,
hajarudi, na hapendi kuulizwa kwa nini.
Nilipoomba chenji akanizuilia mkono:
"Baki, mwanangu. Huitwa baki.
Kiswahili chenu kimechoka njiani."

Aliyekuwa nyuma yake, anapanga mafungu, ni Ghaliya.
Nikamweleza bibi kisa cha karatasi.
Akacheka, akainua barakoa kidogo,
akachukua kipande cha kufungia hina,
akakiweka mbele ya mdomo wenye meno manne:
"Pemba."
Karatasi ikaruka ikaangukia kwenye malimau makavu.
"Pemba. Pujini. Pandani. Pakacha la pilipili.
Haya, na wewe."

"Bemba," akasema mjukuu.
"Bemba."
"Usilitamke kama jina la nchi. Wapuliza uji wa moto,
una njaa, na mamako akuita. Sasa sema."
Wanawake wa jirani waliacha kupatana bei.
Mara ya tisa, karatasi ilitikisika.
Pembeni tu. Kidogo.
Bi Zuwena akageuka upesi kutafuta mzani
ambao ulikuwa mbele yake.

Wakala amenitumia fomu ya uhamisho,
mwaka wa kwanza umekwisha.
Kuna mstari mmoja: Pahali unapopataka.
Kihiyo anasema chumba cha jirani yake kiko wazi.
Nimekaa nayo tangu magharibi,
nimeishika juu, karibu na midomo, kwa mazoea,
na inatikisika,
ila kiyoyozi nacho kinawaka,
siwezi kusema ni pumzi ya nani.