Saa Mbili ya Nani

Tulishuka Manda na masanduku matatu meusi,
tukavuka kwa boti, tukakodi punda gatini.
Mwenye punda akauliza, "Mwabeba nini kizito hivi?"
Nikamwambia: vyombo vya kupimia ukweli.
Akacheka. Akaongeza shilingi mia mbili.

Majina sitini na moja yalikuwa yametoka
kwenye orodha ya fidia ya mashamba,
bila wino, bila kifutio,
kama meno yang'okayo ndotoni.
Uchaguzi umebakiza wiki tano.
Kaunti ikatuita sisi, kampuni,
kwa kuwa polisi, walisema, wana upande.
Sisi hatuna upande.
Tuna ankara.

Nywila iliyotumika ni ya Zuena Famau, karani.
Usiku ule Zuena alikuwa kwao Faza, ndani ya arubaini,
mtoto wa siku tisa kifuani.
"Hata simu nilikuwa nimeizima," aliniambia,
"mamangu asema mwanga wake wamdhuru mtoto."
Na nywila yenyewe, kwa kalamu nyekundu,
iko chini ya kioo cha meza yake, kando ya kalenda.
Hata muuza kahawa anaijua.

Nilikaa na seva siku tatu,
jenereta ikikohoa uani,
paka wamelala juu ya nyaya kwa ajili ya joto.
Mashine haina haya wala adabu:
saa ishirini na dakika saba,
orofa ya juu, kompyuta ya chumba chenye zulia.
Chumba cha yule aliyetia saini mkataba wetu.

Nikamwita bawabu, Bunu Lali.
Akaja na redio kwapani, hakuizima.
"Taa ya yuu iliwaka saa mbili za usiku.
Nali nimetoka kuswali Isha,
mkate wangu wa mofa u moto bado."
Nikaandika neno kwa neno.

Mwenzangu akayahamisha maneno yale
kwenye lugha ya ripoti,
na huko, njiani, saa mbili ya Bunu ikawa saa nane:
mji umelala, Isha imepita zamani, mkate umekauka.
Chini yake akaandika: maelezo ya bawabu
hayaoani na kumbukumbu za mashine.

Nikampigia mkurugenzi.
Mkurugenzi wetu ni mzaliwa wa Makupa; saa anaijua.
Alinyamaza. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni,
kikizunguka,
kikizunguka.
"Mteja," akasema, "hakununua saa. Kanunua ripoti."

Ripoti ikatoka, kurasa arobaini na nne, jalada la buluu.
Mdukuzi ni kundi la ng'ambo.
Tumelipa jina, Fisi wa Shaba,
tumelichorea na meno.
Uwezekano, tumesema, ni wa wastani.
Zuena yumo ukurasa wa kumi na mbili: uzembe.
Saa yangu imo kiambatisho cha tisa, tanbihi ya nne,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Nani atafika kiambatisho cha tisa?
Labda wakili, siku moja, mwenye subira na miwani mizuri.
Labda mtoto wa Zuena.

Jioni redio ikatangaza:
wataalamu huru wamethibitisha.
Huru.
Nililitafuna neno lile kama wali wenye mchanga,
sikulitema, nilikuwa mezani pa watu.

Nakala ya diski ninayo, ndani ya soksi, ndani ya kiatu.
Mkataba unasema nisiwe nayo.
Sijui nitaifanyia nini. Nasema kweli, sijui.

Asubuhi ya kuondoka, Bunu alikuwa gatini.
Hakuuliza ripoti imesemaje.
Aliuliza saa ngapi.
Simu yangu ilionyesha nane kamili.
"Saa mbili," nikamjibu.
"Ya nani?" akasema,
akaongeza sauti ya redio.