Mshipa Mmoja

Mwezi wa pili, Omiya. Baridi imeng'ang'ania kioo cha dirisha.
Juu ya meza ya jikoni, kwenye gazeti la jana,
mreteni wa kaka yangu Tamotsu:
kimo chake hakizidi birika la chai,
umri wake unatushinda sote wawili tukijumlishwa.

Tamotsu yumo kwenye kiti cha magurudumu.
Upande wa kulia ulimtoka Novemba,
ukaondoka na maneno yake yote.
Umebaki wa kushoto, na mkono wa kushoto una kijiti cha kulia wali.
Kwa kijiti hicho ananiamuru.
Gonga moja mezani: hapa.
Gonga mbili: acha, mpumbavu.

Mimi nimeendesha treni miaka thelathini na minne.
Reli haikudai nikunje kitu,
nilifuata chuma walichokwisha kukikunja wengine.
Sasa nashika waya wa shaba, nauzungusha tawini
mshazari, usibane, usilegee,
kama mtu anayemfunga mtoto skafu kabla ya shule.

Samaki mkunje angali mbichi.
Huu haukuwa mbichi.
Nikauviringishia ukindu uliolowekwa usiku kucha,
nikashusha tawi unywele mmoja,
nikapumua,
unywele mwingine.

Gonga mbili.
Sikusikia. Basi, nilisikia.

Ta!

Tawi la tatu, lile alilolilea tangu Fusae mkewe akiwa hai,
likaning'inia kwa uzi wa gome.
Harufu ikajaa jikoni, kali,
ya penseli iliyochongwa sasa hivi.
Nikainamisha kichwa, nikangoja kijiti kigonge hadi kivunjike.

Kaka yangu akacheka.
Nusu mdomo tu, nusu ya pili ikitazama,
na neno likatoka, la kwanza tangu Novemba:
"Jin."

Ndivyo tunavyoliita tawi lililokufa likaachwa mahali pake,
likamenywa gome, likapakwa dawa ya salfa inayonuka mayai viza,
likawa jeupe kama mfupa uliopigwa jua.
Halitoki kwenye chupa, halimpi mtu haja zake tatu.
Linakaa tu pale juu na kusema:
hapa palikuwa na kitu.

Nikachukua koleo, nikamenya.
Ndipo nilipouona mti, mimi niliyeupita miaka yote
nikienda zamu, nikirudi zamu.
Shina zima ni mti mkavu, mweupe, umepasuka.
Ubavuni tu unapanda mshipa mmoja wa gome jekundu,
upana wa vidole viwili,
unajipinda kutoka mizizini hadi kwenye majani yote.
Maji yote hupita humo.
Sikumtazama Tamotsu.
Akagonga mara moja.

Jioni niliurudisha nje kwenye jalidi, kwao.
Jikoni ulikuwa mgeni.
Majani yake hayakatwi kwa mkasi, ncha huungua zikawa kahawia;
huchumwa kwa vidole, machache, siku ukiwa huna hasira.
Maji: mwaga mpaka chungu kilie chini.
Zamani aliniambia kumwagilia hujifunzwa miaka mitatu,
nami nikamjibu kwamba hata mvua hufanya bila kusoma.

Jirani yetu Bi. Kurahashi aliuona umegeuka zambarau,
akanipa pole.
Ni baridi tu, nikamwambia. Machipuko utakuwa kijani.
Sikumwambia lile lingine:
mreteni ukifa haukujulishi.
Husimama na kijani chake majuma mengi,
unaumwagilia, unausifia,
nao ulishakwenda.

Kwa hiyo alfajiri natoka na viatu vya kuburuta,
nagusa ncha moja moja.
Ni laini? Nadhani ni laini.
Kisha naingia, nateleka birika,
nasimama hapo nikitega sikio chumba cha pili.

Kimya.
Kimya.

Gonga mbili.
Maji ya chai yamefurika, yanazima jiko.