Kifuniko

Barna haoni tena katikati ya kitu chochote.
Anaona kingo: sikio lako, si uso;
fremu ya dirisha, si dirisha.
Basi darubini ni yako sasa, aliniambia Oktoba,
mimi fundi kufuli wa Kaposvár
niliyezijua nyota kwa kuzifungia mlango.

Tukapanda vilima vya Zselic kwa gari lake,
mimi kwenye usukani,
yeye na blanketi, chupa ya chai, na amri.
"Taa nyekundu tu. Nyeupe itakupofusha nusu saa."
Akacheka peke yake.

Miguu mitatu kwanza, izame udongoni.
Kisha mhimili uitazame Nyota ya Kaskazini,
maana dunia haisimami ikusubiri;
mota ndiyo itakayoifuata mbingu, taratibu,
na ukikosea upana wa ukucha
kila nyota itatoka punje ya mchele.
Usiku wa kwanza nilivuna gunia.
Usiku wa pili, ukungu.
Wa tatu, betri ilikata roho kabla hatujamaliza chai.

Wa nne, gurudumu la fokasi likanitii.
Nililizungusha kama ufunguo katika kufuli kongwe,
unywele kwenda, nusu unywele kurudi,
mpaka nyota iliyovimba kama andazi
ikanywea, ikawa ncha ya sindano.
"Leo Kilimia," alisema.
Nyumbani tuliita Kuku na Vifaranga.
Utotoni mimi nilihesabu sita, yeye tisa,
na mama akasema tulale,
hakuna kuku anayetaga usiku.

Sekunde sitini, mara arobaini.
Kamera ikawa inaguguna gizani kama panya mwenye zamu.
Garini tuliongea bei ya kuni,
goti la jirani, kiinua mgongo chake kisichofika.

Nilipokwenda kutazama, kioo kilikuwa cheusi.
Picha zote arobaini.
Nikapapasa mdomo wa darubini:
kifuniko.
Nilikirudisha mwenyewe, kuzuia umande,
nilipokuwa nafunga ile soksi ya mchele wa moto.
Miaka hamsini na sita, fundi wa milango,
nimesahau mlango.

"Nini?"
"Kifuniko, Barna."
Kimya. Halafu alicheka mpaka chai ikamwagikia magoti.
"Basi umepiga ninachokiona mimi.
Usifute hata moja!
Kamera ina uongo wake,
vichembe vinavyowaka bila kuwashwa;
giza tupu ndilo litakalokutajia majina yao.
Watu husahau kulipiga.
Haya, fungua sasa."

Jumapili, jikoni, kompyuta ya mpwa wetu Csenge.
Picha moja moja haina kitu:
ukijivu, baridi, ndege ikienda Zagreb.
Tukazirundika, nyota juu ya nyota,
kisha tukatoa giza langu kutoka katika usiku,
kama unavyotoa mawe katika dengu,
na kilichobaki
kikaanza kuja.

"Niambie."
"Bluu."
"Bluu gani? Usiniuzie rangi kwa jumla."
"Ya jiko la gesi ukilipunguza mpaka karibu lizime.
Imezizunguka nyota kama pumzi ya asubuhi ya Januari.
Ina mistari, kana kwamba mtu
aliipitisha kitana, akaitwa, hakurudi."

"Mwanga huo uliondoka kule
Waturuki wakiutawala mji huu," alisema,
uso ameuelekeza kwenye jokofu
ili mimi na skrini tukae
kwenye ukingo, pale anapoona.

"Na vifaranga?"

Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo.
Sita. Tisa. Ishirini na mmoja.
Csenge akaacha kutafuna.
Nilipofika sitini na nane
Barna aliinua mkono.

"Umeruka mmoja."