Tembe la Mazimwi Sita

Msimu uliopita nilicheza kama kila mtu:
mazimwi sita, wote meno, wote moto,
nikashinda kwa dakika mbili, nikapigwa kwa moja.
Elikana wa Ilazo alinifagia kabla chai haijapoa,
akaandika: "Dada, hiyo timu ni karatasi."

Karatasi.
Nikarudia kazi yangu, kutengeneza simu za watu
kibandani Nkuhungu, vumbi la Septemba
likipenya hadi chini ya kioo kipya.
Upepo wa hapa haubishi hodi.
Nikakumbuka tembe la kina mama, kule Mvumi:
paa bapa la udongo, kuta fupi, nene,
ng'ombe katikati, watu pembeni, mlango mmoja.
Halikujengwa limpige mtu.
Lilijengwa ili kukicha wahesabiwe, wawepo.

Basi, wa kwanza Kobe-Jabali. Mwendo sifuri.
Pointi zote nimezimwaga kwenye gamba na uhai,
kwenye shambulizi sikuweka hata moja.
Ngumi, pembe, kwato, yeye anapokea tu.
Ila uchawi unampasua kama chungu kibichi,
kwa hiyo ubavuni pake nikamweka Mama Ukungu,
ambaye uchawi kwake ni maji ya kuoga.
Akija mpiga ngumi, Mama anatoka, Kobe anaingia.
Akija mchawi, Kobe anatoka.
Toka, ingia, toka, ingia,
michi miwili, kinu kimoja,
na haigongani.

Nungu anamwaga miiba upande wa adui:
kila anayeitwa uwanjani anakanyaga, analipa.
Mlenda (jina nimempa mwenyewe)
anateleza, anaponya, anawapangusa wenzake sumu.
Swila anauma mara moja, kisha anajificha.
Zinazobaki ni hesabu za sumu, si zake.

Wa sita alininyima usingizi wiki mbili.
Binamu yangu Mwaja alisema, weka mshambuliaji,
hata mmoja, ukuta usio na mlango ni kaburi.
Nilibisha.
Nilipoteza mechi kumi na moja nikibisha.
Ya kumi na mbili nikamwingiza Kunguru-Chuma,
na Mwaja hakusema kitu, alicheka tu
akiendelea kumenya karanga zangu.

Jumamosi, robo fainali. Elikana tena.
Alikuja na moto wake uleule.
Zamu ya ishirini, moto. Zamu ya hamsini, moto,
lakini sasa unatoka kwa kukohoa.
Zamu ya tisini akaandika: "Piga basi!"
Halafu: "Unaogopa nini?"
Mlenda akaponya. Sikujibu.
Nilimwacha Nungu afe mbele ya simba wake mkubwa,
nikaumia, lakini nilihitaji pumzi ile moja
Kobe aingie akiwa mzima.

Hakuna aliyeniambia kwamba kujilinda kunakula chaji.
Asilimia tisa. Umeme umekatika tangu saa nane,
kibandani nina simu kumi na nne za wateja,
zote maiti.
Nikachomeka pawabanki ya Mchungaji Chilewa,
iliyoletwa kwa sababu haitunzi chaji.
Ikatunza dakika kumi na moja.
Mungu ambariki, nitamtengenezea bure.

Zamu ya mia moja na kumi na saba:
simba wake amebaki na uzi wa uhai, sumu iko damuni.
Nikabonyeza *Jikinge*.
Skrini ikawa nyeusi.

Nilikaa gizani na bisibisi mkononi,
nikisikia upepo ukisukuma mabati ya jirani.
Umeme ulirudi saa nne usiku.
Simu ikawaka polepole, kama mtu anayeamshwa kwa lazima,
na juu paliandikwa matokeo, kwa herufi kubwa,
lakini macho yangu yalishuka kwanza chini, kwenye safu:
Kobe, yupo.
Mama Ukungu, yupo, nusu.
Mlenda yupo. Swila yupo. Kunguru hakuguswa kabisa.
Nungu, hayupo.

Nikarudia kuhesabu.