Ukumbi wa Chini, Kutaisi

Tulipima kuta siku tatu,
Nutsa na utepe, mimi na daftari,
tukibishania bluu ya wino na kijani cha chupa.
Mkuu wa chuo alitaka kitu kimoja: bei nafuu.

Ndipo Tsiala, mpiga deki,
akalitua tambara, akaomba chaki.
Akachora sakafuni: hapa hukaa waliofeli.
Hapa, penye bomba la mvuke,
hula wanaoficha wanachokula.
Pale hapakaliki. Upepo.

Tukakunja michoro yetu.

Benchi likafuata chaki yake,
mbao za madawati mabovu, limepinda kama kiwiko.
Kuta hatukuzigusa; rangi haikutosha.

Jana matokeo yalitoka.
Nilipofika, Nutsa alishaketi.
Akasogea kidogo, kimya,
kunipa nafasi.