Kibaba cha Baiti

Kichipu hiki, Momose akikibandika kwenye ncha ya kidole,
hupotea kama punje ya ufuta.
Ndani yake mna baiti mia tano na kumi na mbili,
na nusu si zake: namba ya kiwanda, tarehe,
kiasi cha wino kilichosalia,
kufuli ya kuwafungia nje waigaji.
Kipande kinachobaki ndicho shamba lake la rangi.

Rangi zenyewe, zikipimwa moja moja,
zina vituo elfu nne mia tisa na kumi na vitatu,
maana wino hautoki pipani ule ule mara mbili:
samawati ya Jumanne ni baridi kuliko ya Jumatatu,
manjano ya Agosti imeelemea kwenye chungwa.
Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga.
Hawakuonyeshwa kibaba hiki,
kinachojazwa kwa kupunguza.

Basi akapunguza.
Printa inaujua tayari wino wa kawaida;
iambie tu huu umeachana nao wapi.
Moja. Sifuri. Sifuri. Hasi mbili. Sifuri.
Na sifuri zikipanga foleni usiziandike zote,
andika "sifuri arobaini" upite.
Na tofauti isiyofika mbili, nani ataiona?
Iite sifuri.
Jedwali likakunjika, likakunjika tena, likaingia,
na baiti tatu zikabaki.
Alisherehekea kwa bakuli la tambi, kwenye stesheni,
akila wima.

(Lugha yangu nayo ni fundi wa kukunja.
Haikutaka kubeba kijivu chote cha dunia:
ilichota jivu mekoni ikasema, mengine jazeni.
Manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda,
kahawia ni kikombe cha asubuhi.
Tunahifadhi kitu kimoja. Kinachobaki tunakisia.)

Februari, ziwa la Suwa likiwa limeganda ukingoni,
ikaja barua kutoka Okaya, ya mkono,
ya Bi Koguchi Hatsue, mwenye studio ya picha.
Hakutumia neno hata moja la kitaalamu.
"Nachapa picha za marehemu, zile za kuwekwa mbele ya jeneza.
Wazee wa huku hufa na mvi.
Tangu nibadilishe katriji, mvi zao zina uwaridi,
kama watu waliokunywa kidogo.
Bwana Ushiyama alikuwa hanywi.
Mjane wake ameirudisha picha mara mbili."

Momose akaiweka picha chini ya taa ya kupimia.
Moja nukta sita. Haifiki mbili.
Sifuri yake, aliyoibatiza mwenyewe,
imekaa juu ya nywele za mtu.

Jicho husamehe zambarau. Husamehe hata nyasi,
litasema ni mvua, litasema ni kivuli.
Kijivu halikisamehe.

Usiku ule akawa mwizi wa baiti.
Alichomoa nne kwenye zambarau nzito ya biringanya,
aipendayo msimamizi wake,
tatu kwenye urujuani, mbili kwenye kijani kikali
kisichochapwa na yeyote ila wauza simu,
akaongeza zile tatu za akiba. Kumi na mbili.
Akazimimina zote kwenye mstari mwembamba
utokao kwenye weupe kwenda kwenye weusi
bila kugusa rangi yoyote njiani,
huko mvi zinakoishi.

Bi Koguchi hakuandika tena.
Aliagiza katriji sita.

Na mimi niliyesimuliwa haya nawaza lile sanduku
la kurudishia katriji, pale posta ya Okaya:
wino umekwisha, sponji limekauka,
na kichipu bado kinashikilia
kwamba samawati ile ilikuwa baridi kidogo,
kwamba manjano ilielemea kwenye chungwa.
Hakuna anayekiuliza.
Kikiguswa na umeme, kitajibu.