Kiingilio

Kibanda changu kina dirisha moja na feni inayokohoa.
Gari dola tano, mashua dola nane,
waliotimiza miaka sitini na mitano hulipa nusu,
mbwa bure, mradi awe na kamba shingoni.
Msimu wa tatu huu nalinda lango la Bwawa la Obertal,
magharibi ya Kansas,
ambako upepo huingia bila kupiga hodi.

Ijumaa jioni foleni hufika hadi barabara ya kokoto:
majokofu ya barafu, chambo kwenye vikopo vya siagi,
watoto waliovaa maboya tangu nyumbani,
baba anayeapa kwamba mwaka huu
atasimama juu ya maji kwa mguu mmoja,
na mama anayemtazama kama mtu asomaye bili.
Mimi nakata tiketi.
Nakagua matumbo ya mashua yasije yakaleta kome wageni,
wale wadogo wenye milia:
bwawa likishawapokea, halina njia ya kuwafukuza.

Ramani iliyo nyuma yangu ina rangi mbili.
Buluu ni maji, kijani ni mahali pa kupiga hema.
Ndani ya buluu mtu ameandika kwa penseli
Shule. Kinu. Kwa kina Dreiling.
Bwana Wasinger, msimamizi, ameamuru tusiifute.
Babu yake alikuwa upande wa wapimaji.

Nilichoambiwa ni hiki:
mto ulikula madaraja manne kule chini mjini,
na mji ule ulikuwa na kura nyingi kuliko Obertal.
Wakaja watu wa serikali na kamba na vigingi.
Dola themanini kwa ekari, kisima hakihesabiwi.
Kengele ya kanisa ikauzwa.
Makaburi yakahamishiwa kilimani, thelathini na manane.
Orodha ya padri ilikuwa na thelathini na tisa.
Kisha lango la zege likafungwa,
maji yakapanda ngazi polepole
kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau ghorofani.

Agosti hii mvua imetukimbia.
Gati limekalia matope yaliyopasuka,
foleni hakuna, feni inajikoholea.
Alhamisi, saa nne asubuhi, likaja gari moja la rangi ya haradali,
na ndani yake Bi Alvina Dreiling, miaka themanini na saba.
"Nasikia ngazi za jikoni kwetu zimetoka,"
akasema, kama asemaye mahindi yametoka.

Nilitaka kumwambia pita, mama.
Lakini alikwisha kufungua pochi,
anapanga sarafu za robo dirishani, moja moja, hadi kumi.
"Baba alilipwa," akasema.
"Wasije wakasema sisi hatukulipa."
Nikagonga muhuri: tarehe, na
Itatumika mpaka jua kuzama.

Nikafunga kibanda, kinyume cha kanuni, nikamshika kiwiko.
Ngazi tatu za mawe. Ya kati imemeguka pembeni.
"Hii aliahidi kuitengeneza."
Na zote tatu, kumbe, zimefunikwa kome wenye milia,
wamekauka, wamekaa kitambo, mimi nikiwa langoni na tochi yangu.

Habari ya lile la thelathini na tisa hakuigusa.
Aliinama, akaanza kukwangua ngazi kwa ukingo wa tiketi,
kutoka juu kwenda chini,
kama mwenye nyumba aliyeona vumbi la gari barabarani
na hajui bado ni nani anayekuja.